Daftari la Mjomba

Mjomba wangu alikuwa na duka la kanda za muziki Ngamiani, Tanga, katika mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba, na mimi nilikaa naye dukani humo kila likizo ya shule kuanzia mwaka 1999 hadi 2004. Lilikuwa duka dogo kiasi kwamba wateja wawili wakiingia, wa tatu alisubiri barazani. Kanda zilijaa kwenye rafu za mbao, juu ya meza kulikuwa na redio ya kanda mbili, na ndani ya droo iliyokuwa haifungi vizuri mlikuwa na daftari ambamo mjomba aliandika mauzo. Kila kanda ilikuwa na mstari wake. Ikiuzwa moja alichora kijiti. Vikifika vinne, cha tano alikilaza juu yake kama kamba inayofunga mzigo wa kuni. Alhamisi jioni aliyahesabu mafungu hayo, na alfajiri ya Ijumaa akapanda basi kwenda Kariakoo kufuata mzigo mwingine.

Kwa jinsi nilivyoelewa mimi nikiwa na miaka kumi na mitatu, mafanikio ya mwanamuziki yalikuwa ni wingi wa mafungu ya kuni kwenye daftari lile. Aliyekuwa na mafungu kumi kwa wiki alikuwa mkubwa, aliyekuwa na vijiti viwili alikuwa anajaribu bahati yake, na ambaye hakuwa na mstari kabisa kwetu hakuwepo.

Nimelikumbuka daftari hilo kwa sababu ya mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, ambaye ana miaka 23, anaishi Mbagala na anaimba. Siku moja alikuja kwangu na simu mkononi, akaniambia, “Mjomba, nimefikisha elfu arobaini.” Nilidhani anasema shilingi, nikampongeza kwa ustaarabu. Akacheka, akanigeuzia kioo: wimbo wake ulikuwa umesikilizwa mara 40,000 na kitu katika miezi mitatu. Kisha akasogeza kidole hadi ukurasa wa mapato, nao ulionyesha dola 19 na senti kadhaa, ambazo hakuweza kuzichukua kwa sababu kampuni inayompelekea nyimbo kwenye majukwaa ya mtandaoni hairuhusu kutoa chini ya dola 50. Nikamuuliza, “Sasa umefanikiwa au hujafanikiwa?” Alikaa kimya akiitazama simu, na tangu siku hiyo swali hilo limebaki kwangu zaidi kuliko kwake.

Nianze na jambo ambalo daftari la mjomba halikuweza kuliona. Alikuwapo mama mmoja, muuza vitumbua wa barabara ya jirani, aliyenunua kanda moja ya kikundi cha taarabu cha East African Melody na ambaye nadhani aliirudisha dukani mara nne, si kwa kudai pesa bali kwa kutengenezewa. Kanda yenyewe ilikuwa imechakaa hadi maandishi yamefutika. Mjomba aliifungua kwa bisibisi ndogo, akakata kile kipande kilichotafunwa na redio, akaunga kwa selotepu iliyopunguzwa kwa wembe, akanipa mimi niizungushe kwa kalamu ya Bic mpaka ikakaza. Mama yule aliisikiliza kanda hiyo alfajiri akikaanga na jioni akisaga mchele, na pamoja naye walisikiliza majirani wote waliokuwa na madirisha upande ule. Kwenye daftari alikuwa na kijiti kimoja. Kijana aliyenunua kanda kwa ajili ya picha ya kava, akaisikiliza mara mbili na kuiacha ipigwe jua kwenye dashibodi ya teksi, naye alikuwa na kijiti kimoja.

Biashara ile ilihesabu kununua, na kununua hutokea mara moja. Kilichofuata baada ya mteja kuvuka kizingiti cha duka hakikumhusu mtu yeyote mwenye daftari, awe mjomba, msambazaji wa Kariakoo au msanii mwenyewe. Majukwaa ya mtandaoni yamegeuza hesabu hiyo kichwa chini miguu juu: kununua kumekwisha, na kinachohesabiwa ni kusikiliza, kila mara mtu anapobonyeza, leo, kesho na miaka kumi ijayo. Kama mama muuza vitumbua angekuwa na simu ya kisasa na bando la kutosha, yeye peke yake angekuwa na thamani kuliko vijana mia wa teksi. Kwa upande huo nayaona majukwaa haya yana haki kuliko duka letu, na sioni aibu kulisema.

Sitaki kuupamba wakati wa kanda. Wasanii wa Bongo Fleva wa miaka ile walipeleka kazi kwa msambazaji, wakapewa fungu la pesa au ahadi ya kiasi fulani kwa kila nakala, na baada ya hapo hawakuwa na njia ya kujua zimechapwa nakala elfu tatu au elfu thelathini. Stika za mamlaka ya mapato, TRA, kwenye kazi za muziki na filamu zilianza kutumika mwaka 2013, wakati kanda ilikuwa imeshazikwa na CD yenyewe inakata roho. Hata sisi wa mwisho kwenye mnyororo hatukuwa malaika. Nimesema dukani kulikuwa na redio ya kanda mbili, na sitajifanya sijui ilikuwa ya nini. Mteja alikuja na karatasi yenye nyimbo kumi na nne anazozipenda, akaacha pesa na kanda tupu, kesho yake akachukua mchanganyiko wake. Michanganyiko hiyo haikuwa na mstari kwenye daftari, na wenye nyimbo hawakupata hata senti.

Ukirudi nyuma zaidi unakuta hata kuuza hakukuwa kipimo. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alipovushwa bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi santuri, safari yenyewe ilikuwa ndiyo ushahidi, kwamba kampuni ya watu wa mbali iliona sauti ya mwanamke wa Fumba inastahili nauli ya meli. Katika muziki wa dansi wa miaka ya 1970 na 1980, vyombo vilikuwa mali ya shirika au jumuiya, wanamuziki wengi walilipwa mshahara, na nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam ili zipigwe redioni. Mwanamuziki aliyefanikiwa alijulikana kwa watu waliojaa getini Jumamosi na kwa jinsi bendi pinzani zilivyomnyemelea. Kuhama kutoka Msondo kwenda Sikinde, au kinyume chake, kulizungumzwa mjini kama leo kunavyozungumzwa kuhama kwa mchezaji kutoka Simba kwenda Yanga. Na kwenye taarabu, huku kwetu pwani, kulikuwa na kutunza, ambako kwa maoni yangu ndiko kipimo kikali kuliko vyote. Msikilizaji anainuka kitini, anakwenda mbele akicheza taratibu, anamwekea mwimbaji noti mkononi au kwenye kilemba, na ukumbi mzima unaona ni nani aliyeinuka, kwa beti ipi, na unajua maneno ya beti hiyo yamemwendea nani. Hapo mwimbaji anajua papo hapo ni mstari gani umefika.

Mambo ya mtandaoni kwetu hayakuja kwa Spotify, ingawa watu wa nje hupenda kuanzia hapo. Yalianza na miito ya simu, ambayo Kenya inaitwa Skiza tangu 2009, ambapo aliyepiga simu alisikia wimbo badala ya mlio na mwenye simu akakatwa shilingi chache. Ikaja Mdundo kutoka Nairobi, ikaja Boomplay ambayo ilianza Nigeria mwaka 2015 na kuenea kwa kuwekwa tayari ndani ya simu za Tecno na wenzake, na juu ya yote ikakaa YouTube. Spotify ilifungua milango Tanzania, Kenya na Uganda mwaka 2021, wakati watu walikuwa wameshazoea kwingine.

Jinsi pesa inavyotembea ndani ya majukwaa haya haifahamiki vizuri hata kwa wasanii wenyewe, na nimekaa na mpwa wangu zaidi ya mara moja kumchorea kwenye karatasi. Hakuna bei ya wimbo. Ada za wateja na pesa za matangazo huingia kwenye kapu, jukwaa linakata fungu lake, na kinachobaki kinagawanywa kwa wenye haki kulingana na sehemu ya usikilizaji wote waliyoichukua. Kwa kuwa ada hupangwa kwa nchi na nchi, msikilizaji wa Oslo anayelipa kila mwezi huingiza kapuni mara nyingi zaidi kuliko wa Temeke anayesikiliza bure na kuvumilia matangazo. Spotify huhesabu wimbo baada ya sekunde 30, na tangu 2024 wimbo ambao haujafikisha mara 1,000 katika miezi 12 haulipwi mirabaha ya rekodi kabisa. Ukitaka kujua kapu la upande wetu lina kina gani, takwimu za IFPI, shirikisho la kimataifa la kampuni za kurekodi muziki, za mwaka 2024 zinatosha: mapato ya muziki uliorekodiwa duniani yalikuwa dola bilioni 29.6, na karibu asilimia 69 yalitokana na usikilizaji wa mtandaoni. Afrika Kusini mwa Sahara yote ilivuka dola milioni 100 kwa mara ya kwanza, ikafika 110, na kama robo tatu ya hizo zilikuwa za nchi moja, Afrika Kusini. Kinachobaki wanagawana Lagos, Accra, Nairobi, Dar es Salaam na wengine wote.

Kwa hiyo dola 19 za mpwa wangu hazikuwa wizi. Zilikuwa ni sehemu yake halali ya kapu dogo.

Ilichukua muda kuelewa kwa nini, pamoja na hayo, alikuja kwangu akiwa na furaha. Niliipata sababu kwenye kikao cha kamati ya harusi, Tanga, ambako binti wa rafiki yetu alikuwa anaagwa na familia yake na mimi nilipendekeza kijana wetu aje kuimba. Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mwenye sauti ya ualimu, hakuuliza anaimba nini, wala sauti yake ikoje, wala kama anajua kuimba na watu badala ya kuimba na mashine. Aliuliza, “Kaka, huyo kijana wako ana watazamaji wangapi YouTube?” Nikamtajia. Akamtazama mweka hazina, mweka hazina akatafuta kwenye simu, akatikisa kichwa kukubali, na bajeti ikapitishwa: shilingi laki tatu na nauli. Laki tatu ni mara sita ya zile dola 19. Wimbo haukumlipa, ila namba yake ilimfungulia mlango wa mahali panapolipa.

Hapo ndipo, kwa jinsi ninavyoona, maana ya mafanikio ilipogeuka hasa. Kijiti kwenye daftari la mjomba kilikuwa ni alama ya pesa ambayo tayari imeshapita mikononi. Namba ya jukwaani ni barua ya utambulisho: unaibeba kwa promota, kwa kampuni ya vinywaji inayotafuta balozi, kwa kamati ya harusi, kwa msanii mkubwa unayetaka akuingizie ubeti, na wao ndio wanaokulipa. Diamond Platnumz alipokuwa msanii wa kwanza anayeishi Afrika Kusini mwa Sahara kutazamwa mara bilioni moja kwenye chaneli yake ya YouTube, Juni 2020, mitaani watu walishangilia kama timu ya taifa imefuzu, na sidhani hata mmoja wao alikuwa anapiga hesabu ya matangazo. Walishangilia cheo, na cheo hicho kilisomeka Lagos na Paris bila mkalimani.

Barua ya utambulisho ikishakuwa na thamani kuliko kazi inayoitambulisha, watu wataighushi. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu pesa nilitoa mimi. Mwaka juzi kijana mmoja aliyejitangaza Instagram alimwahidi mpwa wangu “kuupandisha” wimbo kwa shilingi 60,000, na mimi, mtu mzima niliyelelewa dukani, nikamtumia. Ndani ya wiki mbili wimbo ukawa umesikilizwa mara elfu ishirini, karibu zote kutoka mji mmoja wa bara jingine ambao wala yeye wala mimi hatujawahi kuwa na ndugu. Wiki ya tatu wimbo ukaondolewa kwenye majukwaa, mapato yake yakazuiwa, na barua pepe zetu za kuomba radhi zikajibiwa na mashine. Tuliupandisha upya kwa jina tofauti kidogo, ukaanza tena sifuri. Mjomba angalau, ukimwomba akuongezee vijiti vya uongo, angekutazama usoni kwanza.

Hesabu hizi zimeingia hadi kwenye umbo la wimbo. Wimbo wa dansi wa wakati ule ulikuwa na sehemu mbili: ya kwanza ya taratibu, mashairi yakielezwa na magitaa yakijibizana, na ya pili ni chemko, ambapo waimbaji wanakaa pembeni kidogo, tarumbeta na sakisofoni zinapanda, na waliokuwa wamekaa wanajikuta wamesimama. Ulichukua dakika saba, nane, mara nyingine zaidi. Chemko ilihitaji kusubiriwa. Utamu wake ulitokana na dakika nne za uvumilivu zilizoitangulia. Kwenye jukwaa kama Spotify, wimbo wa dakika nane na wa dakika mbili wote huhesabiwa mara moja, na sekunde 30 za kwanza ndizo pekee zinazoamua kama utahesabiwa. Mpwa wangu anaanza nyimbo zake kwa kiitikio. Nilipomwuliza kwa nini haachi gitaa liongee kidogo kwanza, alinijibu kwa upole wa mtu anayemweleza mzee jambo la wazi: “Mjomba, likiongea gitaa wanaruka wimbo.” Nilimtafutia wimbo mmoja wa Sikinde tukausikiliza wote wawili mpaka mwisho. Ilipofika chemko alitikisa kichwa, akasema ni nzuri sana, kisha akauliza ilikuwaje watu wakawa na muda wote huo.

Swali lake halikuwa la dhihaka, na jibu langu halikuwa zuri. Nilisema walikuwa wamelipa kiingilio.

Hesabu hizi, pamoja na ukali wake wote, haziyaoni masikio mengi ya huku kwetu. Panda daladala kutoka Mbagala Rangi Tatu hadi Kariakoo asubuhi: muziki unapigwa njia nzima, abiria wanasikia, konda anaimba, na chanzo chake ni flashi iliyochomekwa karibu na usukani, iliyojazwa na kijana mwenye kompyuta kibandani. Bajaji ni hivyo hivyo, saluni ni hivyo hivyo, na vigodoro, zile ngoma za usiku kucha mtaani, ndiyo usiseme. Singeli, ule muziki wa kasi wa uswahilini, yote ilikua namna hiyo, Tandale, Manzese na Mbagala, kwa memori kadi na maspika ya kukodi. Ilipofikia mwaka 2017, kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso na wageni wa Ulaya kuanza kushangaa, uswahilini ilikuwa imeshachezwa kwa miaka mingi bila mtandao wowote kujua. Wapo vijana ambao mtaa mzima unazijua nyimbo zao kwa moyo na kurasa zao za mapato zinaonyesha sifuri, kwa sababu watu hao hawana bando la kusikilizia na hawaoni haja ya kuwa nalo. Michanganyiko ya mjomba haijafa. Imehama kutoka kanda kwenda flashi, na bado haina mstari.

Siku ya sherehe mpwa wangu aliimba nyimbo tano. Wimbo wa nne, ule wa namba kubwa, vijana waliinua simu wakamrekodi, na hakuna aliyeinuka kitini. Wimbo wa tano haukuwa wake. Mama wa bibi harusi alikuwa amemwomba aimbe taarabu moja ya zamani, naye aliijua kwa sababu dada yangu huiimba jikoni. Kabla hajamaliza beti ya pili shangazi wa binti alikuwa ameshasimama, leso ikiwa kiunoni, noti ya elfu kumi ikiwa kati ya vidole viwili, akienda mbele kwa mwendo ule wa hatua moja na kusita. Wengine wakamfuata. Tulipohesabu kwenye gari, tunza ilikuwa shilingi 87,000. Kijana alizikunjua noti moja moja, nyingine zikiwa na jasho na manukato, akazipanga kwa ukubwa, akakaa nazo mapajani njia nzima bila kuzitia mfukoni.

Tulilala kwa mjomba. Sasa ni mzee, duka lilifungwa zamani, na macho yake hayamruhusu kusoma daftari hata angekuwa nalo. Ana simu ya kitochi na redio ndogo ya kuchomeka memori kadi. Alipoambiwa mjukuu wake anaimba akataka kusikia, na kijana kwa mazoea akasema, “Babu, nikutumie linki?” Mzee akauliza linki ni nini. Akaelezwa. Kisha akaitoa memori kadi kwenye redio kwa kucha ya kidole gumba, akamkabidhi: “Nitilie humu.” Nilimwona mpwa wangu akisita, kwa sababu alijua fika kwamba kila mara mzee atakapousikiliza wimbo ule kutoka humo, hakuna mahali popote duniani patakapoandikwa. Akautia.

Alfajiri, baada ya sala, tuliusikia kutoka barazani. Ulipokwisha mzee akaurudisha, akaurudisha tena. Mpwa wangu, akiwa bado amelala kwenye mkeka, akavuta simu, akafungua ukurasa wa namba, akautazama, akaizima. Nje wimbo ulikuwa umeanza mara ya nne.